Pima mlango kabla ya kununua kigari cha pacha

Tangu nijifungue pacha, swali ninaloulizwa zaidi na wanawake wenzangu si la maziwa wala la usingizi. Ni la kigari. Mtu anatuona jioni pale bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, anasogea, anasema mashallah, anawachungulia wana, kisha macho yanateremka hadi kwenye magurudumu. "Mama Pacha, hiki umekipata wapi?" Nami humjibu kwa swali jingine: mlango wa kwenu una upana gani? Wengi hucheka wakidhani nafanya mzaha. Sifanyi. Mtoto mchanga hutoshea popote. Kazi iko kwenye mlango, ngazi, tuktuk na njia ya kliniki, na hivyo ndivyo vya kupimwa kabla hujatoa hata shilingi.

Sisi twakaa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, ghorofa ya pili katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Mlango wa nje ni wa zamani, wa kuchonga, mbao mbili na mfaa katikati. Wageni husimama kuupiga picha, na kwenye picha huonekana mpana ajabu. Lakini kila siku hufunguliwa ubao mmoja tu. Ule mwengine hufunguliwa kukiwa na harusi, jeneza au kabati. Nilichukua futi ya cherehani ya mavyaa nikapima uwazi wa ubao mmoja: sentimita 61, na chini yake kizingiti cha kuruka. Hapo nusu ya vigari vilivyokuwa kichwani mwangu vikawa vimekwisha.

Vigari vya pacha, kwa jinsi ninavyovigawa mimi, viko vya namna tatu. Kuna cha ubavu, ambacho watoto hukaa sambamba. Kuna cha foleni, mmoja mbele na mwenziwe nyuma. Na kuna cha ghorofa, mmoja juu na mwengine chini yake karibu na ardhi.

Cha ubavu ndicho kitamu kusukuma. Watoto wanaonana, kila mmoja ana kiti kinacholingana na cha mwenziwe, hakuna wa kulalamika kwamba amewekwa nyuma. Lakini vingi vina upana wa sentimita 74 hadi 80. Watengenezaji hujitahidi visivuke 76 kwa sababu mlango wa kawaida wa ndani kule Uingereza ni inchi 30, ambazo ndizo hizo 76. Kwa hivyo duka likiandika kwamba kigari "kinapita mlango wa kawaida", jua ni mlango wa kwao huo. Viko vyembamba pia: Mountain Buggy Duet, cha kampuni ya New Zealand, kina upana wa sentimita 63 hivi ilhali watoto wamekaa ubavu kwa ubavu. Kwangu hizo sentimita mbili zilizozidi zilitosha kukikataa, na bei yake ingekikataa hata mlango ungekuwa mpana. Jambo jingine la cha ubavu ni kwamba pacha mmoja akiwa mzito kuliko mwenziwe, kigari huvutia upande wake, na mkono wako utaujua upande huo ifikapo jioni.

Cha foleni hakizidi sana upana wa kigari cha mtoto mmoja. Tabu yake ni urefu. Kwenye kona za Kibokoni, ambako baraza ya nyumba moja inakaribia kugusa baraza ya pili, hukikati kona hivihivi. Unakandamiza mpini mpaka magurudumu ya mbele yanyanyuke, ndipo unakigeuza. Wana wakiwa wa miezi mitatu ni kazi ndogo. Wakifika mwaka, kila mmoja ana kilo 9 hivi, kigari chenyewe kina 13 au 14, na mfuko wa nepi umening'inia juu ya mpini, na hapo mabega yako yatajua. Na huo mfuko uangalie. Kwenye vigari vingi vya foleni, ukimtoa mtoto wa mbele kwanza huku mifuko imening'inia nyuma, kigari kinaweza kwenda chali na yule aliyebaki ndani. Anza na wa nyuma. Ama mifuko itie kwenye kikapu cha chini, kama kipo cha maana.

Cha ghorofa sikipendi, na nitasema kwa nini bila kuzunguka. Yule wa chini kimo chake ni kimo cha ekzosti. Ukipita Barabara ya Digo saa za asubuhi, pavumenti zote zimetandazwa maturubai ya nguo na ndizi na vifuniko vya simu, wewe na kigari mmeteremka barabarani baina ya tuktuk na pikipiki, na mtoto wa chini anavuta moshi wote wa soko la Marikiti. Katika miji ya Ulaya kigari hicho kinapita kwenye bustani. Hapa sikioni kina kazi gani.

Sasa kuna jambo ambalo wanaouza vigari hawatakwambia: huna haraka. Kwetu mzazi hukaa ndani arobaini. Siku hizo kigari ni fanicha tu. Na pacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37, wengine hubaki hospitali wakiongezwa uzito, na wakati mwengine mmoja anarudi nyumbani kabla ya mwenziwe. Nimeona vigari vya pacha vimenunuliwa mimba ikiwa ya miezi sita, vimekaa kwenye nailoni yake, na nyumba yote haina nafasi ya kupita. Safari ya kwanza ya lazima ni kliniki ya wiki 6 kwa chanjo, kisha wiki 10, kisha 14. Kwa safari hizo tatu, pamoja na mtu wa pili wa kukusaidia, leso mbili na tuktuk vinatosha kabisa. Bibi zetu walilea pacha mmoja mgongoni na mmoja mkononi kwa shangazi. Kwa hivyo una miezi mitatu ya kuchagua kwa utulivu, na katika miezi hiyo utakuwa umejua unakwenda wapi hasa na wana. Wengi wetu tunadhani tutakuwa watu wa kutembea ufukweni kila jioni.

Lakini ukitaka kuwatia kigarini mapema, kuna sharti moja lisilo na mjadala: mtoto ambaye shingo haijakaza alale chali, sawasawa, si nusu kukaa. Miezi sita ya mwanzo ndiyo hiyo, na waliozaliwa kabla ya siku zao hesabu huongezwa. Kichwa kikimwangukia kifuani hupumua kwa shida. Hapa cha foleni hudanganya sana, kwa sababu vingi kiti kimoja tu ndicho kinacholala kikawa kitanda. Kile cha pili huegemea nusu. Dukani usiulize "kinalala?" Kilaze mwenyewe, viti vyote viwili, kwa wakati mmoja, kwa sababu vingine kiti cha mbele kikilala kinamgonga wa nyuma miguu. Na zile seti zinazokuja na vikapu vya gari, yaani viti vya kumfungia mtoto mchanga ndani ya gari, vya kupachika juu ya fremu, ni nzuri kwa mwenye gari. Ukiwa msafiri wa tuktuk, unalipia kitu ambacho hakuna mkanda wa kukifungia, na mtoto mchanga hafai kulazwa humo saa nyingi. Ushauri wa kawaida ni yasipite masaa mawili hata kwa safari.

Tukija kwenye joto, hapa ndipo tulipogongana mimi na mavyaa. Siku ya kwanza ya kutoka na kigari, alituteremkia mpaka dakani na leso yake. "Wafinike wana, mwanangu. Watu wana mato." Na akawafinika, kigari kizima, kama mkate wa mofa uliotoka jikoni. Kwa hofu ya jicho simlaumu. Pacha kweli hutazamwa, na mimi mwenyewe nina sura zangu za Kurani ninazosoma. Lakini leso iliyofunika kigari juani hufunga hewa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima: kitambaa chepesi kikavu kilichofunika kigari kiliongeza joto la ndani kwa zaidi ya nyuzi 2 kuliko nje, na kitambaa chepesi kilicholoweshwa maji, pamoja na feni ndogo, kililishusha kwa karibu nyuzi 5, mradi kiloweshwe tena na tena. Nilimsomea mavyaa kwenye simu. Akasema Sydney hawamjui mtu fulani wa pale kona ya pili. (Jina nalihifadhi.)

Tuliafikiana hivi: kofia ya kigari ivutwe mbele, pembeni pawe wazi, na chandarua cheusi chepesi mbele ya nyuso. Mwenye jicho haoni vizuri, upepo unapita. Maji ya kulowesha nilijaribu, lakini hewa yetu imejaa unyevu, kitambaa hakikauki upesi, na maji yasipokauka hayapoozi kitu. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua la Mombasa likiwa juu, jibu langu ni kutotoka baina ya saa nne na saa kumi. Kwa hiyo unapochagua, tazama kofia kabla ya rangi: iwe pana, iwe na dirisha la wavu nyuma, na kitambaa chake kisiwe cheusi. Zile manyoya na sponji zinazokuja kitini zimeshonwa kwa ajili ya baridi ya watu wengine. Zing'oe, tandika leso ya pamba. Na ile plastiki ya mvua itumie kwenye mvua tu, uiondoe mvua ikikatika. Jua likitoka baada ya manyunyu ya masika, ndani yake panakuwa tanuri.

Kuhusu kununua. Kipya kipo, kwenye maduka ya Nyali na mitandaoni, kwa bei ambayo ukimtajia mume wako ghafla atauliza kama kina injini. Kwa hiyo wengi wetu tunaishia kwenye vilivyotumika, vinavyoletwa na makontena kutoka Uingereza na kwengineko Ulaya. Sina neno baya juu yake. Kigari kizuri kilichotumika ni bora kuliko kibovu kipya. Ila kikague. Kisukume kwa mkono mmoja kwenye sakafu sawa kisha uachie: kikienda upande, fremu imepinda, wacha. Funga breki, kisukume kwa nguvu. Magurudumu ya nyuma yote mawili yakamatwe, si moja. Mikanda iwe ya ncha tano, mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, kwenye viti vyote viwili, na vifungo vikubali kufunga na kufunguka. Tafuta lebo yenye EN 1888, ndicho kiwango cha usalama cha Ulaya kwa vigari. Tazama bawaba mahali panapokunjika. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ilitoa tahadhari kwa wanunuzi wa Marekani juu ya vigari vyake karibu milioni moja, vilivyouzwa tangu 1999, kwa sababu bawaba zilikuwa zimewakata watoto ncha za vidole, na ikatoa vifuniko vya kuvika bawaba hizo. Vigari vya umri huo bado huonekana sokoni. Si vibaya vyote, lakini bawaba iliyo wazi ivike kitambaa kizito, na usikikunje wala kukikunjua watoto wakiwa wamekishika.

Halafu matairi. Ukinisikiliza kwa jambo moja la ufundi, lisikilize hili: nunua chenye magurudumu ya nyuma makubwa, ya inchi 12, ya upepo. Yale madogo ya plastiki hunasa kwenye mianya ya kabro, huingia kwenye matundu ya mitaro, na mchangani huzama. Watu huogopa ya upepo kwa sababu ya pancha. Lakini mengi ya inchi 12 hutumia tyubu ileile ya baiskeli ndogo ya mtoto. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu aliitazama, akaisoma namba, akasema, "Hii si ya kutafuta, dada, ninayo." Ukipata kigari chenye tairi ya namba ngeni, fundi huyo hana la kukufanyia. Soma namba ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa.

Na chumvi. Hii ni bahari, na bahari hula chuma. Fremu ya chuma cha kawaida huanza kutu kwenye viungo. Ya alumini hustahimili zaidi, ingawa skrubu zake mara nyingi ni za chuma na hizo ndizo huanza. Ukirudi ufukweni, osha magurudumu usiku huohuo. Lakini si kwa maji ya kisima! Sisi wa kisiwani maji ya mfereji tunayatumia kwa mahesabu, na ya kisima ni ya chumvi. Ukioshea hayo umeongeza ulichotaka kuondoa. Nusu ndoo ya maji matamu inatosha, kitambaa kikavu, na tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi. Kwa bahati mbaya maji matamu na kigari vina uhusiano mwengine nyumbani kwetu. Vijana waligundua kwamba kigari cha pacha hubeba mitungi miwili ya lita 20 bila kumlipa mwenye mkokoteni. Hizo ni kilo 40 kwenye viti ambavyo kila kimoja kimetengenezewa mtoto wa kilo 15. Nilipowafumania walikuwa wameshapita msikiti.

Tuktuk ndiyo mtihani wa mwisho. Kunja kigari, kiinue kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukiwa na mtoto. Ukishindwa dukani, kwenye foleni ya matatu ya Buxton hutaweza. Kigari cha foleni kikikunjwa kinabaki kama meza; nyuma ya kiti cha tuktuk hakiingii, hukaa miguuni penu na miguu yenu hukaa juu yake. Madereva wengine huongeza nauli. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mama Pacha, watoto bure, hicho kigari ni abiria." Nikalipa, maana hakusema uongo.

Ndiyo maana wana walipotimiza miezi tisa, wakakaa wenyewe bila mto, nilibadilisha fikira nzima. Nilinunua vigari viwili vyepesi vya mtoto mmoja-mmoja, vile vinavyokunjika kama mwavuli. Vilibuniwa 1965 na Owen Maclaren, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa ndege, baada ya kumwona binti yake akisumbuka na kigari kizito safarini. Alitumia bomba za alumini, na cha kwanza kilikuwa na uzito wa kilo 3 pungufu kidogo. Viwili hivyo huingia nyuma ya kiti cha tuktuk, huingia matatu, hupita mlangoni kwangu kimoja kimoja bila kuuamsha ubao wa pili. Kuna vibano vya kuviunganisha vikawa kimoja cha ubavu ukifika mahali pana. Hoja ya wanaovipinga ni kwamba mama peke yake hawezi kusukuma viwili. Ni kweli. Lakini mimi peke yangu Mombasa huwa lini? Kuna wifi, kuna binti wa jirani aliyetoka madrasa, kuna mavyaa ambaye anajifanya hapendi vigari na ndiye wa kwanza kushika mpini. Vitabu vya wenzetu vimeandikwa kwa mama aliye pekee na gari lake. Kama ndivyo ulivyo, una gari, unakaa Nyali nyumba ya chini yenye geti na lami mpaka mlangoni, chukua cha ubavu na usinisikilize mimi; utafurahi nacho, na Mama Ngina, tangu ilipokarabatiwa 2019, pana nafasi ya kutosha kukisukuma huku mkono wa pili una kachri.

Kwa wale wa pacha watatu, ambao huniandikia wakiwa na hofu tayari: vigari vya watatu vipo, Peg Perego wa Italia waliwahi kutengeneza cha foleni chenye viti vitatu, na nimekiona kwenye picha, ni treni. Sidhani kama kingekata kona hata moja upande wetu. Watatu karibu wote huzaliwa mapema na wadogo, kwa hiyo miezi ya mwanzo hutoki nao bila watu wawili kwa vyovyote vile. Chukua cha wawili kizuri, chenye viti vinavyolala, na wa tatu abebwe kwa leso, kwa zamu, yule anayelia zaidi siku hiyo. Baadaye ongeza kimoja chepesi cha mwavuli. Wawili na mmoja hupita mahali ambapo watatu hawapiti, na siku mmoja akiwa na homa akabaki nyumbani, huna kiti kitupu cha kusukuma. Ukishapima mlango wako niandikie upana wake, na kama kuna ngazi sema ni ngapi na kama zina kona, nami nitakwambia ni kipi nisingenunua.